Fyuzi na ovalodi, breka ya mota, au MCCB na rilei ya elektroniki: kipi kinafaa stata ya mota yako?

Ukifungua paneli za mashine za kusaga pale Unga Limited, Arusha, au za pampu za umwagiliaji kwenye mashamba ya chini ya mji wa Moshi, si ajabu kukuta MCB (breka ndogo ya kawaida) ya ampea 63, kontakta moja (swichi inayofungwa kwa sumaku ya koili yake), na nyaya zinazokwenda moja kwa moja kwenye mota. Ovalodi, kifaa cha kukata mota ikizidiwa mzigo, haipo. Au ipo, lakini kontakti zake za 95 na 96 zimeungwa kwa kipande cha waya kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Mwenye mashine anaona breka na anaamini mota yake inalindwa. Breka ile inalinda kebo tu, na hata kebo yenyewe inalindwa kama fundi alichagua saizi sahihi.

Ulinganisho huu ni wa mota za fezi tatu za volti 400, kuanzia kilowati 4 hadi 30 hivi, yaani zile za vinu, misumeno ya mbao, pampu na feni za kukaushia. Kazi za ulinzi ni tatu, na kila moja ina kifaa chake: kukata shoti kwa haraka, kukata mzigo uliozidi polepole, na kugundua fezi iliyopotea. Kosa kubwa madukani ni kununua kifaa cha kazi moja ukidhani kinafanya zote tatu.

Soma kibati kabla ya kwenda dukani

Namba unayoihitaji kwenye kibati cha mota ni ampea. Hosi pawa pekee haitoshi. Mota mbili za kilowati 7.5 zinaweza kutofautiana kwa ampea moja au mbili kulingana na kasi na ubora wake. Kwa makadirio, ya kilowati 7.5 inavuta kama ampea 15, ya 15 kama 29, na ya 22 kama 41, lakini ovalodi iwekwe kwa namba ya kibati, si kwa makadirio haya.

Angalia pia volti. Kibati kikisema 400 kwa delta na 690 kwa staa, mota hiyo inaweza kuanzishwa kwa staa-delta kwenye umeme wetu, yaani iwashwe koili zikiwa zimeungwa staa ili ivute mkondo mdogo, kisha ihamie delta. Kikisema 230 kwa delta na 400 kwa staa, mota hiyo inafungwa staa basi. Ukiiwekea stata ya staa-delta, pale inapohamia delta kila koili inapewa volti 400 wakati imesukwa kwa 230, na haitachukua muda kabla ya kutoa moshi.

Mota iliyosukwa upya ni suala jingine. Kibati chake kinaeleza koili za kiwandani, na koili hizo zilishatupwa. Kama fundi alibadilisha unene wa waya au idadi ya mizunguko, ampea za kibati hazina maana tena. Pima mkondo ikiwa haina mzigo, na ulinganishe fezi zote tatu kabla ya kuamua chochote.

Jambo la mwisho la kujua ni ukubwa wa shoti mahali ulipo, na hili hukadiriwa kwa transfoma. Transfoma ya kVA 100 inatoa ampea 144 kwa volti 400. Kwa impidansi (ukinzani wa ndani wa transfoma) ya asilimia 4, shoti kwenye vituo vyake haivuki kama ampea 3,600. Ya kVA 200 inafika 7,200, na ya kVA 315 inafika 11,400. Kwa hiyo MCB iliyoandikwa 6000, yaani inayoweza kukata shoti ya hadi ampea 6,000, inafaa ukiwa mbali na transfoma ndogo ya kijijini, lakini haifai kiwandani Themi ambako transfoma ya kVA 315 iko nyuma ya ukuta. Breka isiyoweza kukata shoti hiyo inaweza kupasuka au kontakti zake zikashikana.

MCB peke yake: kwa nini tunaiondoa mapema

Chukua mota ya ampea 15. Ukiianzisha moja kwa moja inavuta kama mara 7, yaani ampea 105. MCB ya aina C hukata papo hapo kati ya mara 5 na mara 10 ya namba yake, kwa hiyo C20 inaweza kukata kuanzia ampea 100. Mota inakataa kuwaka, fundi anabadilisha anaweka C32, halafu C40. Sasa mota inawaka vizuri na kila mtu anafurahi.

Lakini C40 inaruhusiwa kubeba ampea 45 bila kukata, na inalazimika kukata ndani ya saa moja pale tu mkondo unapofika ampea 58. Mota ya ampea 15 inayovuta 30 kwa sababu beringi imekwama au nafaka imejaa itaungua huku MCB ikiwa imetulia. Aina D, inayokata papo hapo kati ya mara 10 na 20, inasaidia mota iwake bila kupandisha namba sana, ila hata yenyewe haina kisahani cha kuweka ampea za mota. Itumie kukata shoti tu, na ovalodi iwepo chini yake.

Fyuzi, kontakta na ovalodi ya joto

Huu ndio mpango wa zamani na bado una nguvu zake. Fyuzi inakata shoti kubwa kwa kasi ambayo breka nyingi haziifikii, na kontakta inanusurika. Ovalodi ina vipande vya metali mbili vinavyopata joto na kupinda, na vikipinda vya kutosha vinafungua kontakti ya 95 na 96 iliyo kwenye njia ya koili ya kontakta. Ovalodi yenyewe haikati umeme wa mota, inaiambia kontakta iachie. Ndiyo maana kuunga 95 na 96 ni sawa na kuitupa.

Fyuzi za mota ni za aina mbili, na nyingi za Ulaya hutofautishwa kwa rangi ya maandishi. Zenye maandishi meusi, gG, zinalinda mzigo na shoti, kwa hiyo ni lazima ziwe kama mara mbili ya ampea za mota ili zisikatike wakati wa kuwasha. Za kijani, aM, ni za shoti tu. Zinavumilia mkondo wa kuanzia na zinaweza kukaribiana na ampea za mota, ila haziaminiki chini ya kama mara 6 ya namba yake, kwa hiyo aM bila ovalodi ni hatari zaidi ya gG bila ovalodi.

Udhaifu wa mpango huu hapa kwetu ni wa aina mbili. Kwanza, fyuzi moja ikikatika, mota inabaki na fezi mbili. Kama inazunguka, itaendelea kuzunguka ikinguruma, na mkondo kwenye fezi mbili zilizobaki unaweza kupanda kama mara 1.7 kwa mzigo uleule. Ovalodi nyingi za leo zina utaratibu wa kutambua tofauti ya fezi na zinakata mapema, ila za zamani au za bei ya chini sana hazina. Tafuta alama ya kukosekana kwa fezi kwenye karatasi yake kabla ya kulipa. Pili, fyuzi ikikatika usiku wakati spea haipo, mtu anachukua waya wa shaba. Baada ya hapo hakuna tena ulinzi wa shoti, na hakuna anayekumbuka kuurudisha.

Faida yake moja husahaulika. Kifaa kilichokata kinakuonyesha kosa. Ovalodi imetoka: tafuta mzigo, beringi, volti ndogo au fezi. Fyuzi imekatika: usiwashe, pima kebo na koili kwanza.

Breka ya mota na kontakta

Breka ya mota ina kisahani cha ampea kama ovalodi, ina sumaku ya shoti, na inakata fezi zote tatu kwa pamoja. Shoti kwenye fezi moja haiachi mota na fezi mbili, na hili pekee linatosha kuifanya chaguo letu la kwanza kwa mota za hadi kilowati 15 zenye mwanzo wa kawaida. Haihitaji spea ya fyuzi, na mlinzi wa usiku hana cha kubadilisha kwa waya.

Sumaku yake kwa kawaida haibadilishwi. Imewekwa kiwandani kwenye takriban mara 13 ya namba ya juu ya kisahani. Breka ya kisahani cha 13 hadi 18 inakata shoti kuanzia kama ampea 234. Hapa pana mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni mota mpya za ufanisi wa IE3. Zinavuta kidogo zikiwa kazini lakini zinaruka juu zaidi wakati wa kuwaka, hasa katika sehemu ya kwanza ya sekunde. Breka ambayo mota inaangukia karibu na mwisho wa kisahani inaweza kukata kila mara bila kosa lolote. Kwa mota ya ampea 15 chukua kisahani cha 13 hadi 18, usichukue cha 10 hadi 16.

Mtego wa pili ni urefu wa kebo, na huu unauma zaidi kwenye pampu za mashambani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4 una ukinzani wa ohmi 4.61 kwa kilomita. Pampu ikiwa mita 100 kutoka kwenye paneli, kwenda na kurudi ni ohmi 0.92. Fezi ikigusa bodi ya mota, volti 230 inasukuma ampea 250 hivi, na ukiongeza ukinzani wa laini pamoja na joto la waya, zinashuka chini ya 234. Sumaku haioni kitu. Itasubiriwa sehemu ya joto, na wakati huo bodi ya pampu ina umeme. Ukipanda hadi milimita 6, ukinzani wa kwenda na kurudi unashuka hadi 0.62 na hitilafu ileile inatoa zaidi ya ampea 300, nafasi ya kutosha.

Hesabu hiyo ni kwa athi inayorudi kwa waya hadi nyutro ya transfoma. Kama athi yako ni fimbo iliyopigwa ardhini tu, na ukinzani wake ni ohmi 10, hitilafu inasukuma ampea 23. Hakuna fyuzi, breka ya mota wala MCCB (breka kubwa ya kisanduku) inayokata kwa ampea 23 kwa haraka. Hapo RCD, kifaa kinachokata umeme unapovujia ardhini, ni lazima, ya miliampea 100 au 300 kwa mota, bila kujali umechagua mpango upi kati ya hii mitatu.

Ubaya wa breka ya mota ni kwamba ikikata, kitufe kinaanguka vilevile kwa shoti na kwa mzigo, isipokuwa umeongeza kontakti ya kuonyesha shoti. Mwendeshaji hajui, anarudisha. Mara ya tatu anarudisha juu ya shoti na kontakta inaungana kontakti zake. Nunua ile kontakti ya ziada, na uunge kontakti saidizi ya breka kwenye njia ya koili ili kontakta iachie breka ikikata.

Pia daraja la kutripu, yaani muda ambao kifaa kinavumilia mkondo wa kuanzia kabla ya kukata, kwa breka nyingi za mota ni 10. Kwa mara 7.2 ya namba iliyowekwa, daraja 10 linakata kati ya sekunde 4 na 10, daraja 20 kati ya 6 na 20, daraja 30 kati ya 9 na 30. Kinu cha nyundo chenye rota nzito hakitulii ndani ya sekunde 10. Usijaribu kulitatua hilo kwa kupandisha kisahani; umebeba kifaa kisicho chake.

MCCB, kontakta na rilei ya elektroniki

Kwa mota za kilowati 18.5 kwenda juu, na kwa chochote kinachochukua muda kuanza, tunaegemea huku. MCCB iwe ya sumaku pekee au ya joto na sumaku iliyowekwa juu ya mota, kazi yake ni shoti. Sumaku inarekebishwa: anza na mara 10 ya ampea za mota, washa, ikikata bila kosa panda hatua moja. Ukifika mara 13 na bado inakata, acha kupandisha na utafute sababu, kwa kawaida ni muda mfupi mno au mrefu mno wa kuhama kutoka staa kwenda delta.

Rilei ya elektroniki haina vipande vya metali. Inapima mkondo na kuhesabu joto, kwa hiyo joto la kisanduku kilichowekwa chini ya bati la Mabogini saa nane mchana haliipotoshi. Kisahani chake ni kipana, namba ya juu inaweza kuwa mara 4 au 5 ya ile ya chini, kwa hiyo rilei moja ya akiba inafaa mota nyingi. Daraja la 10, 20 au 30 linachaguliwa kwa swichi ndogo. Fezi ikipotea inakata ndani ya sekunde chache, wakati ile ya joto inaweza kuchukua dakika. Nyingine zinaona uvujaji wa kwenda ardhini, na zingine zinapokea waya wa PTC, kihisi cha joto kilichozikwa ndani ya koili.

PTC haihusiani na mkondo kabisa. Inapima joto halisi la koili. Kwa mota ya msumeno inayowashwa na kuzimwa kila mara, au yenye feni iliyozibwa na maranda, hiyo ndiyo inayoona tatizo, maana mkondo unaweza kuwa sawasawa huku koili zikiiva. Viwanda vya mbao vya upande wa West Kilimanjaro vitafaidika nayo kuliko kinu cha mjini.

Gharama ni kubwa, na spea si ya kupatikana kwenye kila duka la Arusha. Ukiichagua, nunua mbili. Na ukichagua daraja 20 au 30, kumbuka kwamba fyuzi, kebo na kontakta navyo vinabeba mkondo wa kuanzia kwa muda huohuo mrefu. Kuongeza daraja bila kukagua kebo ni kuhamishia moto mahali pengine.

Namba ana kwa ana

| | 7.5 kW, moja kwa moja | 15 kW, moja kwa moja | 22 kW, staa-delta |
|---|---|---|---|
| Ampea (kadirio) | 15 | 29 | 41 |
| Fyuzi aM | 16 au 20 | 32 | 50 |
| Fyuzi gG | 32 | 63 | 80 |
| Kisahani cha breka ya mota | 13–18 | 24–32 | haishauriwi kwa kinu |
| Kontakta, AC-3 | 18 | 32 | kuu na delta 32, staa 18 |
| Ovalodi iwekwe | 15 | 29 | 24 |

Safu ya kontakta inahitaji jicho. Kontakta ileile inaweza kuandikwa ampea 32 kwa AC-1 na 18 kwa AC-3. AC-1 ni ya hita. Muuzaji akikutajia 32, muulize ni ya nini. Kwa mota unasoma AC-3, na kwa mota inayopigwa vipindi vifupi vya kusogeza unasoma AC-4, ambayo ni ndogo zaidi.

Fyuzi, ovalodi na kontakta vichaguliwe kwa jedwali la mtengenezaji mmoja. Majedwali hayo yanataja uratibu wa aina 1 na aina 2. Aina 1 inaruhusu kontakta na ovalodi viharibike baada ya shoti, mradi hakuna hatari kwa mtu. Aina 2 inataka viendelee kutumika, kontakti zikishikana kidogo ziachane kwa urahisi. Karakana yenye fundi wa kudumu na spea inaweza kuishi na aina 1. Pampu ya maji ya kijiji haiwezi.

Kuweka ovalodi, na kosa la 0.58

Kwa mota inayowashwa moja kwa moja, kisahani kinakaa kwenye namba ya kibati, basi. Usiongeze asilimia 5 "ya usalama". Kiwango cha kimataifa kinataka ovalodi isikate kwa mara 1.05 na ikate ndani ya saa 2 kwa mara 1.2, kwa hiyo nafasi hiyo imeshawekwa ndani. Ukiweka 17 kwa mota ya 15, inaweza kuendelea kubeba karibu ampea 18 siku nzima.

Kwenye staa-delta, angalia ovalodi imefungwa wapi. Ikiwa chini ya kontakta kuu, kwenye nyaya za U1, V1 na W1, inabeba mkondo wa koili, si wa laini. Weka 0.58 ya kibati. Mota ya 41 inawekwa 24. Ukiweka 41 mahali pale, mota italazimika kuvuta ampea 71 kwenye laini kabla ovalodi haijaanza kufikiri. Kama ovalodi iko kabla ya kontakta zote, kwenye laini, basi ni 41 kamili. Hili ndilo kosa tunaloliona la gharama kubwa zaidi kwenye vinu, kwa sababu mashine inafanya kazi vizuri kabisa hadi siku ya kwanza ya mzigo kuzidi.

Kapasita ya kurekebisha pawa fakta (inayopunguza mkondo usiofanya kazi kwenye laini) ikiunganishwa kati ya ovalodi na mota, mkondo unaopita kwenye ovalodi unashuka. Pima kwa klampu mita kapasita ikiwa imewaka na ushushe kisahani kwa uwiano huo. Ikiunganishwa juu ya ovalodi, usiguse.

Namna ya kuhakiki ni fupi. Zima, funga swichi kuu kwa kufuli, kaza skurubu zote za nyaya, kwani kiungo kilicholegea kinaipasha ovalodi joto na inakata bila sababu. Washa mota na mzigo wa kawaida, ngoja nusu saa, pima fezi zote tatu. Zikiwa chini ya kibati kwa mbali, mfano 11 kwenye mota ya 15, unaweza kushusha kisahani hadi 13 na kupata onyo la mapema. Kisha bonyeza kitufe cha majaribio: kontakta lazima iachie. Kitufe hicho kinahakikisha waya wa 95 na 96 tu, hakipimi sehemu ya joto.

Kitufe cha kurudisha kiwe kwenye mkono, kisiwe kwenye otomatiki, hasa pampu ikiendeshwa na floti (swichi inayofuata kimo cha maji). Otomatiki ikiwa kwenye floti, ovalodi inapoa, mota inawaka, inakata tena, na mchezo huo unaendelea usiku kucha hadi koili zinakuwa nyeusi.

Swali la mwinuko huulizwa sana Arusha, mji ulio kwenye mita 1,400 hivi. Vifaa vya kinga vimepimwa hadi mita 2,000, kwa hiyo havina shida. Mota zimepimwa hadi 1,000 kwa joto la hewa la nyuzi 40, na ubaridi wa Arusha unafidia tofauti hiyo. Mji wa Moshi, ulio chini ya mita 1,000, hauhusiki.

Rilei ya fezi: nyongeza kwa mpango wowote

Rilei hii inaangalia volti za fezi tatu. Haichukui nafasi ya ovalodi, lakini inazuia mota isiwashwe kabisa fezi ikiwa haipo au zimegeuzwa. Chagua inayopima kutolingana kwa volti, si ile inayotafuta tu fezi iliyokufa. Mota inayozunguka ikikosa fezi moja inazalisha volti yenyewe kwenye waya ule mtupu, na rilei rahisi inadanganyika kwamba fezi ipo. Anzia hapa: volti ikishuka asilimia 15, kutolingana asilimia 8, kuchelewa sekunde 4 kukata. Kuchelewa kuwaka baada ya umeme kurudi kuwe tofauti kwa kila mota, mfano sekunde 30, 60, 90, ili zisiamke zote kwa pamoja na kuvuta volti ya laini chini.

Volti ikishuka asilimia 10, nguvu ya kuanzia inabaki asilimia 81. Kinu kilichojaa mahindi hakitawaka kwa staa, ambapo nguvu tayari ni theluthi moja. Ovalodi itakata na watu wataisingizia. Kinu kiwashwe kitupu, mlango wa nafaka ukiwa umefungwa, kipe kasi kamili ndipo mahindi yaingie.

Kwa hiyo unafunga nini

Pampu ya kisima ya kilowati 7.5 kule Chekereni: breka ya mota ya 13–18 yenye kontakti ya shoti, kontakta ya 18 AC-3, rilei ya fezi, RCD ya miliampea 300. Mota za kuzamishwa majini zinapoa kwa maji yanayopita na zinaungua haraka, kwa hiyo daraja 10 au 10A, kamwe si 20.

Kinu cha nyundo cha kilowati 22 Unga Limited: MCCB, staa-delta, rilei ya elektroniki kwenye daraja 20 iliyowekwa 24 chini ya kontakta kuu, rilei ya fezi. Kisanduku kiwe cha IP54 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi na kisitobolewe matundu ya hewa, kwani vumbi la unga likiingia kwenye kontakta linazuia sumaku isifunge sawasawa na koili inaungua.

Feni ya kukaushia kahawa ya kilowati 4: breka ya mota ya daraja 10 inatosha, lakini pima muda wa kuanza kwanza. Feni kubwa yenye mkanda inaweza kuchukua sekunde 12, na hapo unarudi kwenye rilei ya daraja 20.

Msumeno wa kilowati 11 wenye fundi mahali pale na duka karibu: fyuzi za aM, ovalodi inayotambua fezi, kontakta. Fyuzi sita za akiba ziwe ndani ya mlango wa paneli. Kama huwezi kuhakikisha hizo sita, funga breka.

Ovalodi ikiendelea kukata baada ya yote haya, pima mkondo wa kila fezi. Volti zikitofautiana kwa asilimia 3, mikondo inaweza kutofautiana kwa asilimia 20 au zaidi, kwa hiyo tofauti kubwa ya ampea haimaanishi moja kwa moja kwamba koili imekufa. Zima, funga kwa kufuli, kisha hamisha nyaya zote tatu za mota kwenda nafasi inayofuata: ya kwanza iende ya pili, ya pili ya tatu, ya tatu ya kwanza. Mzunguko wa mota haubadiliki. Washa, pima tena. Ampea kubwa zikibaki kwenye fezi ileile ya laini, tatizo liko upande wa umeme unaoingia, uite TANESCO au ukague viungo vya juu ya stata. Zikihama pamoja na waya wa mota, fungua kebo na upime koili.